MJUMBE HAUAWI
Utumishi wa Bwana Salim Ahmed Salim

Katika desturi za kale za watu wa mwambao, mfalme aliyetaka kusema na mfalme mwenzake alitanguliza mtu kabla ya kutanguliza panga. Mtu huyo alitakiwa awe na ulimi mwema, awe na kifua cha kuweka siri, na awe na adabu ya kukaa barazani kwa watu asiowajua. Alikwenda na maneno ya waliomtuma na kurudi na maneno ya waliompokea, asizidishe wala asipunguze. Na kwa kuwa maneno hayakuwa yake, ndipo ikasemwa kwamba mjumbe hauawi.

Mwaka 1840 Seyyid Said bin Sultan alimtuma Ahmad bin Naaman kutoka Unguja hadi New York ndani ya jahazi lililoitwa Sultana. Mjumbe yule akapokewa kwa heshima, akamaliza shughuli zake za biashara na za serikali, akarejea salama. Baada ya miaka 130, yaani mwaka 1970, mtu mwingine wa visiwa vile vile aliingia katika mji ule ule akiwa mjumbe. Huyu hakwenda na pembe wala karafuu. Alikwenda na madai ya watu waliokuwa bado chini ya wakoloni. Jina lake ni Salim Ahmed Salim, na khabari za utumishi wake zinafaa kusomwa na kila jamaa ya Waislamu inayowatakia watoto wake elimu na uongozi.

KUZALIWA NA UJANA WAKE

Bwana Salim alizaliwa katika kisiwa cha Pemba tarehe 23 Januari 1942. Wakati ule visiwa vya Unguja na Pemba vilikuwa chini ya himaya ya Waingereza iliyoanza mwaka 1890. Alisoma Unguja, na miaka yake ya shule ilikuwa ndiyo miaka ya moto wa siasa. Vyama vilishindana, magazeti yalishambuliana, na kila baraza ya kahawa ilikuwa bunge. Kijana huyu hakukaa pembeni. Aliingia katika umoja wa wanafunzi, akaandika katika magazeti, na kabla hajatimiza miaka ishirini alipelekwa Cuba katika ofisi ya chama cha Zanzibar Nationalist Party. Baadaye alikuwa miongoni mwa vijana waliokwenda na Abdulrahman Babu katika chama kipya cha Umma, kilichoundwa mwaka 1963.

Uhuru wa Zanzibar ulikuja tarehe 10 Desemba 1963. Mwezi mmoja na siku mbili baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea mapinduzi. Damu ilimwagika, nyumba ziligawanyika, na watu wengi wakahama. Serikali mpya ilitaka wajumbe wa kuieleza kwa dunia, na wasomi walikuwa wachache. Ndipo Salim Ahmed Salim akapelekwa Misri kuwa balozi, hali umri wake ni miaka 22 tu. Hata ulipofungwa Muungano wa Tanganyika na Zanzibar tarehe 26 Aprili 1964, hakuondolewa katika kazi ile, bali akawa balozi wa dola jipya la Muungano.

CAIRO, DELHI NA PEKING

Kuwa balozi wa miaka 22 si jambo la kuchekelea. Mabalozi wengine wa Cairo walikuwa wazee wenye mvi, na baadhi yao walikuwa wamekwisha kuwa mawaziri kwao. Lakini Cairo ya siku zile ilikuwa madrasa kubwa ya siasa. Gamal Abdel Nasser alikuwa akitawala, na wapigania uhuru wa Afrika walikuwa na ofisi na redio zao pale. Mwezi wa Julai 1964 wakuu wa nchi za Afrika walikutana katika mji huo, na kwa pendekezo la Mwalimu Julius Nyerere wakakubaliana kwamba kila nchi itaiheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru wake. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo nchi zisizofungamana na upande wowote nazo zikafanya mkutano wao huko huko. Kijana aliyeyaona mambo hayo mawili kwa karibu katika mwaka mmoja alijifunza yasiyofundishwa kitabuni.

Mwaka 1965 alihamishiwa India, akakaa Delhi mpaka 1968. Hapa pana funzo kwa vijana. Bwana Salim alikuwa na cheo, gari na bendera, lakini alijua kwamba elimu yake haijatimia. Basi akajiandikisha katika chuo cha St. Stephen's cha Chuo Kikuu cha Delhi, akasoma pamoja na vijana wa kawaida huku akifanya kazi ya ubalozi. Baadaye, alipokuwa New York, alifanya vivyo hivyo katika Chuo Kikuu cha Columbia, akapata shahada ya pili katika mambo ya kimataifa. Watu wengi wakipata kiti huacha kitabu. Yeye aliendelea na vyote viwili.

Aliporudi nyumbani alipewa idara ya Afrika na Mashariki ya Kati katika Wizara ya Mambo ya Nje, kisha mwaka 1969 akapelekwa China. Hakukaa sana. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alimteua kuwa mwakilishi wa Tanzania katika Umoja wa Mataifa. Alikuwa na miaka 28, na alikaa huko miaka kumi.

MIAKA KUMI NEW YORK

Jambo la kwanza lililomtangaza lilikuwa kiti cha China. Tangu mwaka 1949 serikali ya Peking ilikuwa ikitawala bara lote la China, walakini kiti katika Umoja wa Mataifa kilikuwa mikononi mwa serikali iliyokimbilia Taiwan, kwa msaada wa Marekani. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopeleka hoja ya kukirudisha kiti hicho Peking. Usiku wa tarehe 25 Oktoba 1971 kura zikahesabiwa: nchi 76 zilikubali, 35 zilikataa, na 17 hazikuchagua upande. Wajumbe wa Afrika wakasimama kwa furaha, wengine wakicheza ukumbini, na Bwana Salim alikuwa mmoja wao. Mjumbe wa Marekani katika ukumbi ule alikuwa George Bush, aliyekuja kuwa Makamu wa Rais mwaka 1981. Furaha ya usiku mmoja ilikuja kudaiwa baada ya miaka kumi, kama itakavyoelezwa.

Kazi iliyokuwa nzito zaidi haikuwa na shangwe. Kuanzia mwaka 1972 Bwana Salim alikuwa mwenyekiti wa Kamati Maalumu ya Kuondoa Ukoloni, ambayo watu waliizoea kwa jina la Kamati ya 24. Kamati hii haikuwa na askari hata mmoja. Silaha zake zilikuwa barua, ushahidi na maneno. Iliwaita wapigania uhuru waje waseme wenyewe, ikachunguza ni makampuni gani yaliyofaidika na mali za makoloni, ikatoka New York kwenda kufanya mikutano yake Afrika, na kila mwaka ikarudi katika Baraza Kuu na madai yale yale. Wakubwa walichoka kusikiliza, nayo haikuchoka kusema.

Mambo yakaanza kujibu. Guinea-Bissau ikatangaza uhuru mwaka 1973. Mwaka 1974 serikali ya kidikteta ya Ureno ikaangushwa na maofisa wa jeshi lake mwenyewe, waliochoka kupigana Afrika. Msumbiji ikawa huru tarehe 25 Juni 1975. Mwezi wa Julai zikafuata Cape Verde na São Tomé na Príncipe, nayo Komoro ikajitangazia uhuru wake kutoka Ufaransa. Angola ikafuata tarehe 11 Novemba. Zimbabwe ikafika tarehe 18 Aprili 1980. Hapana aliye mkweli atakayesema kwamba uhuru huu uliletwa na Kamati ya New York. Uliletwa na watu waliokufa msituni. Lakini mpiganaji aliyeko msituni huhitaji mtu wa kumsemea barazani, na kwa muda wa miaka minane kazi ya kumsemea ilikuwa mikononi mwa Mpemba huyu.

Mwezi wa Januari 1976 zamu ya urais wa Baraza la Usalama ilimwangukia. Mwezi ule Baraza lilijadili suala la Palestina, na wajumbe wa Chama cha Ukombozi wa Palestina wakakaribishwa kukaa mezani na kusema. Hoja iliyotolewa ilizuiwa na kura ya turufu ya Marekani tarehe 26 Januari. Siku nne baadaye Baraza hilo hilo likapitisha kwa kauli moja azimio la 385, kudai kwamba Namibia ifanye uchaguzi huru chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa. Namibia ilipata uhuru wake tarehe 21 Machi 1990, baada ya miaka kumi na minne. Ndivyo ilivyo kazi ya mjumbe: jambo moja hukataliwa mbele ya macho yake, na jingine hukubaliwa leo likazaa matunda wakati aliyelipanda amekwisha hamia shamba jingine.

Mwaka 1979 alichaguliwa kuwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa katika mkutano wake wa 34. Alikuwa na miaka 37, akiongoza mataifa 152. Mwaka ule ulikuwa wa msukosuko. Cuba na Colombia zilishindania kiti kimoja cha Baraza la Usalama, kura zikapigwa mara 154 bila mshindi, hata tarehe 7 Januari 1980 wajumbe wakakubaliana kumpa Mexico. Siku tatu baadaye ukafunguliwa mkutano wa dharura juu ya majeshi ya Urusi yaliyoingia Afghanistan, nchi ya Kiislamu isiyofungamana na upande wowote. Rais wa mkutano haonyeshi upande. Kazi yake ni kuona kwamba mnyonge anasikiwa na mwenye nguvu hatoki nje kwa hasira. Tarehe 14 Januari nchi 104 zilipiga kura ya kutaka majeshi ya kigeni yatoke, 18 zikakataa, na 18 nyingine zikajizuia. Mwezi wa Julai mwaka huo huo aliongoza tena mkutano wa dharura, mara hii juu ya Palestina.

MLANGO WA KWANZA ULIOFUNGWA

Mwishoni mwa mwaka 1980 aliitwa nyumbani kuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka 1981 kipindi cha pili cha Kurt Waldheim wa Austria, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kilikuwa kinamalizika, naye alitaka kipindi cha tatu. Afrika ilikuwa haijapata kumtoa Katibu Mkuu. Wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walipokutana Nairobi mwezi wa Juni walimsimamisha Salim Ahmed Salim.

Kura ya kwanza ilipigwa tarehe 27 Oktoba 1981. Katika wanachama 15 wa Baraza la Usalama, Bwana Salim alipata kura 11 na Waldheim 10. Kura 9 zilitosha, lakini Marekani ilimzuia Salim kwa kura ya turufu, na China ikamzuia Waldheim. Kura zikarudiwa tena na tena, majuma yakapita, na kila mara ikawa hivyo hivyo. Wengi waliikumbuka furaha ya usiku ule wa mwaka 1971 wakasema kwamba Marekani haikusahau. Wengine walisema kwamba Marekani ilimwona mkali mno katika mambo ya Palestina na Afrika ya Kusini. Vyovyote iwavyo, mtu aliyekuwa na kura za kutosha alizuiwa na mkono mmoja.

Mwezi wa Desemba urais wa Baraza ulikuwa kwa Olara Otunnu wa Uganda. Yeye aliwaomba wote wawili wajiweke kando ili njia ifunguke, nao wakakubali. Tarehe 11 Desemba akachaguliwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru. Bwana Salim angeweza kung'ang'ania mpaka mwisho wa mwaka na kuuacha Umoja wa Mataifa hauna kiongozi. Hakufanya hivyo. Alirudi Dar es Salaam akaendelea na wizara yake.

WAZIRI MKUU, NA MLANGO WA PILI

Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu wa Tanzania, Edward Sokoine, alifariki katika ajali ya gari huko Morogoro, na nchi nzima ikaingia msibani. Tarehe 24 Aprili Mwalimu Nyerere alimteua Bwana Salim kushika mahali pake. Hali ilikuwa ngumu. Vita vya kumwondoa Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekausha hazina, bidhaa zilikosekana madukani, na watu walipanga foleni kwa sabuni na sukari. Balozi aliyezoea kumbi za mataifa sasa alitakiwa kusikiliza khabari za mbolea, mahindi na malori.

Mwaka 1985 Mwalimu aling'atuka. Jina la Bwana Salim lilikuwa miongoni mwa majina yaliyojadiliwa na wakuu wa chama, pamoja na la Rashidi Kawawa na la Ali Hassan Mwinyi. Chama kilimchagua Mzee Mwinyi. Kwa mara ya pili mlango ulifungwa, na mara hii ulikuwa mlango wa nyumbani. Bwana Salim aliapishwa kuwa Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Ulinzi chini ya rais mpya, akatumika hivyo mpaka mwaka 1989. Katika nchi nyingi za Afrika, mtu aliyekosa urais na kisha akapewa wizara ya majeshi huwa ni hatari kwa aliyeupata. Tanzania ililala usingizi wake salama.

ADDIS ABABA

Mwezi wa Julai 1989 wakuu wa Afrika walimchagua kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, akaanza kazi mwezi wa Septemba. Alichaguliwa tena mara mbili, akaondoka Septemba 2001. Hakupata kutokea kabla yake Katibu Mkuu aliyemaliza vipindi vitatu.

Umoja aliourithi ulizaliwa Addis Ababa tarehe 25 Mei 1963 kwa madhumuni mawili makubwa: kumaliza ukoloni na kulinda uhuru wa kila nchi. Madhumuni ya kwanza yalikuwa karibu kutimia. Namibia ilikuwa huru mwaka 1990, na mwezi wa Juni 1994 Nelson Mandela aliketi Tunis katika mkutano wa wakuu wa Afrika akiwa Rais wa Afrika ya Kusini. Kamati ya Ukombozi, iliyokaa Dar es Salaam tangu 1963, ikafungwa mwaka ule ule kwa kuwa kazi yake ilikuwa imekwisha.

Lakini madhumuni ya pili yalikuwa yamegeuka kuwa ukuta. Mkataba wa Umoja ulikataza nchi moja kuingilia mambo ya ndani ya nyingine. Kwa hiyo mtawala aliweza kuwaua raia wake, na majirani wakanyamaza kwa adabu. Bwana Salim hakuridhika na hali hiyo, kwa maana nyumba ya jirani ikiungua, haifai kusimama uani na kuhesabu mipaka. Kwa juhudi zake wakuu waliokutana Cairo mwezi wa Juni 1993 waliunda chombo cha kuzuia na kusuluhisha migogoro. Ilikuwa mara ya kwanza Umoja kukubali kwamba vita vya ndani ya nchi ni shughuli ya Afrika nzima. Mwaka 1999, katika mkutano wa Algiers, wakuu wakaamua pia kwamba serikali itakayoshika madaraka kwa mtutu wa bunduki isikaribishwe tena kukaa nao.

Watu wa nchi za Maziwa Makuu wanajua kuliko wengine jinsi mlango ule ulivyofunguliwa kwa kuchelewa. Katika vita vya Rwanda vilivyoanza Oktoba 1990, Umoja ulipeleka watazamaji wa kijeshi mwaka 1992 ili kusimamia usitishaji wa mapigano. Walikuwa makumi tu ya watu, na fedha zao hazikutosha. Mapatano yakatiwa saini Arusha tarehe 4 Agosti 1993, na kazi ya kuyasimamia ikakabidhiwa Umoja wa Mataifa. Miezi minane baadaye, tarehe 6 Aprili 1994, ndege iliyowachukua marais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi kutoka Dar es Salaam ilidunguliwa Kigali, na mauaji ya kimbari yakaanza. Watu wenye nguvu waliondoa askari wao. Umoja wa Afrika haukuwa na askari wa kupeleka.

Burundi nayo ilikuwa imempoteza Rais Melchior Ndadaye, aliyeuawa tarehe 21 Oktoba 1993. Bwana Salim na wenzake walipanga kupeleka kikosi cha kuilinda serikali ile. Wakubwa wa jeshi na vyama vya upinzani walikataa, hata kikosi kikapunguzwa kikawa watazamaji wachache. Watazamaji wale walikaa na kusema na watu, na pengine waliponya roho kadha wa kadha. Lakini hawakuweza kuzuia vita. Baada ya mapinduzi ya Julai 1996 nchi jirani ziliiwekea Burundi vikwazo, na Umoja ukaziunga mkono. Mazungumzo yaliongozwa na Mwalimu Nyerere hadi kifo chake mwaka 1999, kisha na Mandela, na mapatano yakatiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000.

Haitakuwa haki kuandika sifa tupu juu ya miaka hiyo. Umoja ulishindwa Rwanda, na Somalia pia ilibaki bila serikali. Ila lipo jambo moja la kuhesabiwa: Umoja haukuificha aibu yake. Uliunda jopo la watu mashuhuri chini ya Sir Ketumile Masire, aliyekuwa Rais wa Botswana, kuchunguza yaliyotokea Rwanda. Taarifa iliyotolewa mwaka 2000 ilisema wazi kwamba mauaji yale yangeweza kuzuiwa, ikawataja waliozembea, wa nje na wa Afrika, na Umoja wenyewe ukiwamo. Tarehe 11 Julai 2000 wakuu waliokutana Lomé wakatia saini Katiba ya Umoja wa Afrika mpya, na ndani yake mkaandikwa kwamba Umoja una haki ya kuingia katika nchi mwanachama kukitokea mauaji ya kimbari au uhalifu wa vita. Ukuta wa mwaka 1963 ulikuwa umetobolewa. Waliolipa gharama ya tundu lile ni wafu wa Rwanda na Burundi.

MLANGO WA TATU

Mwaka 2005 Bwana Salim aliomba chama chake kimsimamishe kugombea urais wa Tanzania. Alifika katika watatu wa mwisho, pamoja na Jakaya Kikwete na Mark Mwandosya, na Bwana Kikwete akashinda. Kabla ya kura yalienea maneno magazetini na vijiweni. Ilichimbuliwa siasa ya ujana wake, ikatajwa asili ya Kiarabu katika ukoo wake, kama kwamba miaka arobaini ya kuisemea Tanzania na Afrika ilikuwa haijatosha kumfanya mwenyeji.

Jambo hili linawahusu wasomaji wa kitabu hiki zaidi ya wengine. Katika nchi za Maziwa wako Waislamu wengi ambao mababu zao walikuja na misafara kutoka pwani na Unyamwezi na Umanyema, wakaoa, wakazaa na kuzikwa hapo. Wakoloni wa Kibelgiji waliwatengea mitaa yao, kama Buyenzi katika Bujumbura na Biryogo katika Kigali, na jina la Mswahili likawa kama jina la mgeni. Vizazi vimepita, na bado pengine huulizwa kwao ni wapi. Maisha ya Bwana Salim yanatoa jawabu la swali hilo kwa vitendo. Hakubishana juu ya damu yake. Alipoulizwa kwa maneno, alijibu kwa kazi, na kazi yenyewe ikaeleza kwao ni wapi.

Wala kushindwa hakukumfunga nyumbani. Tangu mwaka ule ule alikuwa mpatanishi mkuu wa Umoja wa Afrika katika vita vya Darfur, mahali ambapo watu wa kibla kimoja walikuwa wakichomeana vijiji. Alikaa Abuja miezi mingi na watu wasioaminiana. Tarehe 5 Mei 2006 mapatano yakatiwa saini na serikali ya Sudan na kundi la Minni Minnawi. Makundi mengine yakakataa, na vita havikwisha. Mwaka 2007 alirudi tena katika kazi ile pamoja na Jan Eliasson wa Umoja wa Mataifa. Mwaka huo huo aliteuliwa katika Jopo la Wenye Hekima la Umoja wa Afrika, pamoja na Ahmed Ben Bella wa Algeria na wenzao watatu. Nyumbani aliingia katika tume ya kukusanya maoni ya katiba mpya chini ya Jaji Joseph Warioba, iliyoanza mwaka 2012. Na mwaka 2019 China, iliyorudishiwa kiti chake mwaka 1971, ilimtunukia nishani yake ya urafiki.

YANAYOFAA KUKUMBUKWA

Ukiyapima maisha haya kwa vyeo tu, utahesabu vingi: balozi, Rais wa Baraza Kuu, waziri, Waziri Mkuu, Katibu Mkuu. Lakini vyeo si mizani ya kutosha. Mara tatu alifika mlangoni pa cheo kikubwa zaidi, na mara tatu mlango ukafungwa, mara ya kwanza na dola la kigeni, mara mbili na watu wa kwao. Kila mara alishika kazi iliyokuwapo, hata ilipokuwa ndogo kuliko ile aliyoikosa. Waliosomeshwa subira misikitini wanajua kwamba subira si kukaa kimya na kungoja. Ni kuendelea na wajibu wakati moyo umevunjika.

La pili ni elimu. Balozi wa India aliyekaa darasani na wanafunzi wa miaka kumi na minane hakuona haya, na haya hiyo ndiyo inayowazuia wengi.

La tatu ni suluhu. Kupatanisha ni kazi isiyo na shukrani. Mapatano yakifaulu, husifiwa waliotia saini; yakivunjika, hulaumiwa aliyewakutanisha. Darfur ilikuwa hivyo, na Burundi miaka ya kwanza ilikuwa hivyo. Na bado katika kila mtaa, kila msikiti na kila ukoo, yuko anayehitajika kwenda kwa huyu na kwa yule, akibeba maneno pasipo kuyatia chumvi, akivumilia kutukanwa na pande zote mbili. Mtu wa namna hiyo hauawi kwa panga. Lakini huuawa kwa masengenyo, na jamaa inayomsengenya mjumbe wake hukosa wa kumtuma siku ya haja.

Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wa jamaa hii elimu ya kuwafikisha mbali, na ulimi wa kuunganisha watu, na moyo wa kutumika hata pale ambapo mlango mkubwa haukufunguliwa. Amin.